Somo: Kukagua lundo la kifusi chimboni kabla ya masika

Chimbo la mchanga au la mawe likishafanya kazi, pembeni hubaki lundo la udongo wa juu, vipande vya mawe, tope na mizizi. Kwa kuwa haliuziki, hakuna anayeliangalia mpaka mvua za Machi zilitie uzito.

Wengi hutazama urefu. Tazameni maji kwanza. Kule Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966, lundo la taka za makaa ya mawe lililomwagwa juu ya chemchemi liliteremka kama uji mzito mpaka kwenye skuli. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto.

Chukua bao lililonyooka la mita 1, pima maji (kile chombo cha fundi cha kuonesha usawa), futi ya chuma, vigingi, misumari, nyundo na daftari. Nendeni wawili: mmoja akague, mwengine asimame mbali akitazama juu.

1. Kitako. Zunguka lundo kwa mbali, usisimame chini yake. Tafuta maji yanayochuruzika. Maji safi ni onyo. Yakiwa na tope, ujue yanabeba udongo wa ndani na lundo linaliwa taratibu. Angalia pia kama kitako kimefura kwa mbele. Kosa la kila siku ni gari kuja kuchota kifusi papo hapo chini, kwa kuwa ndipo panapofikika kwa urahisi. Kitako ndicho kinachozuia mzigo wote wa juu, kwa hivyo ukikuta kimechotwa, simamisha uchotaji kabla ya kuendelea na ukaguzi.

2. Mteremko. Kama hukuona dalili mbaya kitakoni, gusisha ncha moja ya bao kwenye mteremko, lilaze sawa kwa pima maji, kisha pima kutoka ncha iliyo hewani wima mpaka kwenye udongo. Sentimita 50 ni mteremko wa 1 kwa 2, unaostahamilika kama lundo ni kavu. Sentimita 67 ni kama digrii 34, kiasi ambacho mchanga mkavu hujishikilia wenyewe bila akiba yoyote. Pima pahala patatu mbalimbali, si pahala pamoja tu.

3. Ukingo wa juu. Pandia upande usio na ufa. Ufa unaofuata ukingo ndio mbaya. Piga kigingi kila upande wake, nusu mita kutoka kwenye ufa, utie msumari juu ya kila kimoja, kisha pima msumari hadi msumari kila asubuhi. Milimita 2 leo, 2 kesho: endelea kupima. Milimita 2, kisha 4, kisha 9: ondoa watu na magari, usingojee siku ya nne.

4. Madimbwi. Maji yaliyotuama juu yatolewe kwa mfereji unaoyapeleka mbali na ukingo. Ufa uzibwe kwa udongo wa kinamo ulioshindiliwa, ila vigingi viachwe.

Rudia ukaguzi baada ya kila mvua kubwa, na siku ya pili yake pia. Maji huchukua muda kuzama, na lundo huweza kuanguka jua likiwaka.

Masuali

*Kutoka Donge: Lundo letu limeota miti. Si imelishika?*
Imeshika ngozi tu, ndugu yangu. Kama mpasuko umepita chini ya mizizi, miti itateremka pamoja na udongo. Faida yake ni nyengine: shina lililoinama linakuonesha udongo unakokwenda.

*Kutoka Wete: Kwetu ni kinamo, kikikauka kigumu kama tofali. Vipimo ni hivyo hivyo?*
Kinamo hudanganya, Bi. Kikavu husimama wima kabisa, kisha mvua ikiingia kwenye nyufa za kiangazi hukatika bonge zima. Kwenye bao lako, usiruhusu zaidi ya sentimita 40.

*Kutoka Mkokotoni: Mdogo wangu anakwenda Bara, Ngaka, kwenye makaa ya mawe. Atumie hatua hizi?*
Atumie, aongeze moto. Makaa yaliyobaki kwenye taka huvuta hewa, yakapata joto na kuwaka yenyewe ndani. Akinusa kiberiti au akiona mvuke asubuhi, asikanyage hapo: juu panaweza kuwa pagumu na chini pameshaungua, pamebaki pango la majivu moto.