Somo: Kupima foleni ya ghorofa kabla halijajengwa

Kwenye mkutano wa mtaa wetu, Sinza, Dar es Salaam, kuhusu mradi wa ghorofa la nyumba 48, mzee mmoja alisimama akasema ghorofa hilo likipanda tutakoma kwa foleni. Mshauri wa mwenye mradi akafungua makaratasi yake: "Ni magari 34 tu kwa saa, mzee wangu." Tukanywea. Hakuna aliyekuwa na namba ya kumrudishia, nami nikiwemo.

Hatua ya 1: Chagua mdomo. Usihangaike na mtaa mzima. Simama pale mtaa unapotokea barabara kubwa. Kwetu ni pale unapoingia barabara ya Shekilango. Foleni inaanzia hapo.

Hatua ya 2: Hesabu. Jumanne, Jumatano au Alhamisi, shule zikiwa zimefunguliwa, kuanzia saa 12:00 hadi saa 2:30 asubuhi. Ukihesabu Desemba umejihesabia likizo. Daftari na kalamu vinatosha: piga vijiti, kila cha tano ukate vinne, na kila baada ya dakika 15 uanze mstari mpya. Kisha tafuta robo nne zinazofuatana zenye jumla kubwa kuliko zote. Hiyo ndiyo saa yako ya kilele. Ukiambiwa idadi ya magari kwa siku, achana nayo, maana haikuonyeshi foleni ya saa moja asubuhi.

Hatua ya 3: Kadiria magari mapya. Washauri wengine hutumia majedwali ya Marekani ya kukadiria magari, ambayo mengi yalitokana na vitongoji vya watu wenye magari, kusiko na bajaji. Wewe tafuta ghorofa linalofanana, lenye wapangaji tayari, ukae karibu na geti lake. Tuseme lina nyumba 30 na saa ya kilele yametoka magari 21. Hiyo ni 0.7 kwa nyumba. Mradi wetu wa nyumba 48 utatoa kama 34. Kumbe mshauri hakudanganya!

Hatua ya 4: Pima mdomo unameza kiasi gani. Hapa ndipo tulipozidiwa ujanja. Subiri mpaka foleni ijipange, kisha hesabu magari yanayofanikiwa kuingia barabara kubwa, si yanayofika. Tuseme yanaingia 200 kwa saa, na sasa hivi yanafika 180. Mdomo unapumua, kwa shida. Ongeza 34, yanakuwa 214. Yale 14 ya ziada hayana pa kwenda, na kila moja linachukua kama mita 6 pamoja na nafasi ya mbele yake. Saa ikiisha una mkia wa mita 84. Chukua futi kamba, pima mita 84 kurudi nyuma kutoka mdomoni, uone mkia umeziba geti la nani. Likiwa la zahanati, piga picha.

Hatua ya 5: Usisahau ujenzi wenyewe. Malori ya mchanga na magari ya zege yatapita miezi mingi kabla mpangaji wa kwanza hajahamia. Uliza yatapita njia ipi, saa ngapi, na yatageuzia wapi.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Bodaboda na bajaji nazihesabuje?*

Marahaba. Kila moja safu yake. Bodaboda wengi huipa nusu ya gari kwa sababu inapenya. Bajaji mimi naipa karibu gari zima. Ikisimama mdomoni kusubiri abiria, hata gari mbili.

*Kaka, sisi tunaambiwa wapangaji watapanda mabasi ya mwendokasi, hawatakuwa na magari.*

Inawezekana, dada. Basi hesabu geti la ghorofa lililo umbali uleule kutoka kituoni. Ila kumbuka teksi ya kuitwa kwa simu inaingia tupu na kutoka na mtu: mpangaji hana gari, lakini mtaa umepitiwa mara mbili.

*Karatasi zetu tumpelekee nani?*

Anzeni kwa mwenyekiti wa mtaa, zigongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala mbaki nayo. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri, kwa hiyo nakala nyingine iende kwa afisa mipango miji. Barabara za mtaa ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Mdomo ukitokea barabara kuu kama Morogoro, wahusishwe TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mradi ukiwa wa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, wasimamizi wa mazingira wa taifa (NEMC) nao wapate nakala kabla cheti cha mazingira hakijatoka. Kikishatoka, mtakuwa mnaomba kifutwe, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.