Masta na baridi ya Mbeya
Nyie mnaosoma masta huku mna kazi na familia, msijidanganye eti mtaandika tasnifu usiku. Baridi ya Mbeya mwezi wa 7 ukishaingia kwenye blanketi na laptopu ndo basi tena, mi nimeamka mara kibao shavu liko kwenye kibodi na nimeandika herufi j ukurasa mzima. Nikahamia alfajiri, saa 11 mpaka saa 1, chai ya tangawizi kwenye chupa, simu naiacha jikoni, naandika ukurasa mmoja tu hata kama mbovu. Jioni sigusi kitu, Alhamisi kwaya, Jumamosi Mwanjelwa sokoni na watoto. Supavaiza akituma masahihisho siku ya kwaya nayafungua kesho yake, hayaozi yale.