Ukisomewa kosa la nidhamu katika Walinzi wa Taifa wa Marekani

Kamanda akikuita ofisini na kukuwekea karatasi ya mashtaka mezani, anza kwa kutazama amri iliyokuita kazini siku ile, kisha ndipo usome kosa uliloandikiwa. Mlinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba wa jimbo (National Guard), ana mabwana wawili, gavana wa jimbo lake na rais, na sheria ya kijeshi ya shirikisho, iliyopitishwa mwaka 1950, humshika pale tu anapokuwa chini ya rais. Amri ikitaja juzuu ya 10 ya sheria za shirikisho, uko kwa rais. Ikitaja juzuu ya 32, ambayo ndiyo hutawala mazoezi ya wikiendi ya kila mwezi, mshahara unatoka serikali kuu lakini nidhamu iko mikononi mwa gavana. Na ukiitwa na jimbo lenyewe, tuseme kwa ajili ya mafuriko, hata mshahara ni wa jimbo. Katika hali hizi mbili za mwisho unaadhibiwa kwa sheria ya kijeshi ya jimbo, ambayo kwa Texas, kwa mfano, imo katika sura ya 432 ya Kanuni za Serikali. Majimbo mengi yameinakili ile ya shirikisho, ila si neno kwa neno, kwa hiyo usitegemee alichokuambia rafiki aliyetumikia jimbo jingine.

Kabla hujahojiwa, unapaswa kuelezwa tuhuma na haki yako ya kukaa kimya. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza, kwa sababu tumelelewa tukiamini kwamba kumnyamazia mkubwa ni utovu wa adabu. Sema kwa heshima kwamba unaomba kuonana na wakili wa jeshi kwanza, kisha usiongeze neno.

Adhabu ndogo hutolewa na kamanda bila mahakama: kukatwa mshahara, kazi za ziada, kuzuiliwa kambini au kushushwa cheo. Fomu ya jeshi la nchi kavu ina nafasi ya kuchagua kama unakubali kusikilizwa na kamanda au unadai mahakama ya kijeshi, kama unataka msemaji wa kukutetea, na kama utaleta ushahidi. Kukubali kusikilizwa si kukiri kosa. Muulize wakili kama jimbo lako linakuruhusu kudai mahakama, kwa kuwa sheria za majimbo hutofautiana hapo, na umuulize pia siku za kukata rufaa, kwani katika jeshi la shirikisho ni tano tu.

Kosa la kawaida kuliko yote ni utoro, na hesabu yake huwashangaza wengi. Wikiendi moja ya mazoezi kwa kawaida huhesabiwa kuwa vipindi vinne. Katika jeshi la nchi kavu, vipindi tisa vya kukosa bila ruhusa ndani ya mwaka vinatosha kukuweka kwenye orodha ya wasiotimiza wajibu. Ukipata dharura, andika ujumbe kwa sajini wako kabla ya siku yenyewe na uuhifadhi.

Aliyepata uraia kupitia utumishi wa jeshi awe mwangalifu zaidi, maana akiachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema, uraia huo unaweza kufutwa. Adhabu ya kamanda peke yake haimwachishi mtu kazi, lakini hubaki ndani ya faili atakalosoma afisa wa kuamua hilo; kwa hiyo omba nakala ya kila ukurasa siku hiyohiyo.