Maandalizi ya usaili wa idara ya dharura kwa muuguzi aliyemaliza chuo majuzi

Muuguzi mpya anayeitwa kwenye usaili wa idara ya dharura, iwe ni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga, iwe ni hospitali ya wilaya huko Korogwe au Muheza, mara nyingi humaliza siku zake za maandalizi akikariri majina ya dawa na dozi zake. Dawa ni lazima azijue. Hata hivyo wasaili wanafahamu vyema kwamba mtu aliyetoka chuoni hajaona mengi, na jambo kubwa wanalolitafuta kwake ni mpangilio wa fikra: anaanza na nini, anafuatia na nini, na ni wakati gani anaita msaada.

Idara hizi bado ni changa nchini. Idara kamili ya kwanza ya dharura katika hospitali ya umma ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na nyingi za mikoani na wilayani zimejengwa baada ya mwaka 2021. Huenda basi mafunzo yako ya vitendo uliyafanyia zaidi wodini na chumba cha kujifungulia. Ukiulizwa uzoefu, sema hivyo bila kuona haya, kisha eleza tukio moja ulilolishuhudia ambapo hali ya mgonjwa ilibadilika ghafla: uliona dalili gani, ulimwarifu nani, na ulifanya nini wakati ukimsubiri. Tukio moja lililoelezwa kwa utulivu lina uzito kuliko orodha ndefu ya wodi ulizopitia. Jina la mgonjwa usilitaje.

Kiini cha usaili ni maswali ya mfano wa hali halisi, na kila moja lijibiwe kwa utaratibu uleule: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, na mwisho kumfunua mgonjwa umkague mwili mzima huku ukimkinga na baridi. Tatizo unalolikuta katika hatua moja lishughulikie kabla ya kwenda hatua inayofuata. Jizoeze kuyasema haya kwa sauti mbele ya mwenzako, kwa maana jambo linaloeleweka kichwani hukwama mdomoni mbele ya watu watatu wanaoandika.

Chukua mfano huu. Wagonjwa wanne wanafika kwa pamoja: mtoto wa miaka miwili mwenye degedege, kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu katika barabara ya Segera na anayepiga kelele, mama aliyejifungulia nyumbani anayevuja damu, na mzee anayelalamika kuwa kifua kinambana. Nani kwanza? Anayepiga kelele njia yake ya hewa iko wazi, japo mguu wake lazima utazamwe haraka, na kama damu inachuruzika mtu aibane palepale. Mtoto na mama wako hatarini zaidi, kwa hiyo jibu lianze na kuita msaada ili kila mmoja apate mhudumu wake. Mtoto alazwe ubavu, njia ya hewa iwe safi, apewe oksijeni, apimwe sukari na malaria. Sukari ikiwa chini ya milimoli 2.5 kwa lita, hupewa dekstrozi ya asilimia 10 mshipani, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Mzee apelekwe kitandani, na kipimo cha umeme wa moyo kifanyike ndani ya dakika 10. Msailiwa anayechagua mgonjwa mmoja na kuwasahau watatu hupoteza alama, hata kama alimchagua anayestahili.

Baada ya hapo huulizwa utamweleza vipi daktari wa zamu kwa simu. Fuata hatua nne: hali iliyopo, historia fupi, tathmini yako, na ombi lako. Kwa mfano: “Daktari, nina mama wa miaka 25 anayevuja damu nyingi. Amejifungulia nyumbani saa mbili zilizopita. Presha ni 80 kwa 50, mapigo 130, na mfuko wa uzazi ni laini ingawa nimeusugua na kumchoma oksitosini uniti 10 kwenye msuli. Naona anaingia kwenye mshtuko wa kupoteza damu. Naomba uje sasa hivi, na maabara waandae damu.” Wengi hueleza vizuri kisha wakasahau kuomba, na daktari akabaki hajui kama anaitwa au anaarifiwa tu.

Namba chache ziwe ulimini. Mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na moyo hupiga mara 60 hadi 100. Katika kufufua moyo uliosimama, kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, migandamizo 30 kwa pumzi 2. Muuguzi aliyechomwa na sindano iliyotumika huosha jeraha kwa maji na sabuni, hutoa taarifa mara moja, na dawa za kinga ya VVU huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita.

Usiache pia mambo ya huku kwetu. Mtu aliyeumwa na nyoka shambani kwenye mkonge hufika akiwa amefungwa kamba ngumu au amechanjwa wembe. Sema kwamba utamtuliza, utahakikisha kiungo hakitikisiki, na kwamba kamba hutamfungua kabla daktari na vifaa vya kufufulia havijawa tayari. Majeruhi wa ajali akiletwa bila PF3, yaani fomu ya polisi, matibabu huanza na fomu hufuatiliwa baadaye. Na ndugu akifoka mapokezini, jibu lako liwe la mtu aliyelelewa: “Kaka yangu, mgonjwa wako nimemwona na nimempima. Kuna mtoto hapumui vizuri, tukimaliza naye ninakuja kwako.”

Vyeti halisi, leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania na kitambulisho cha taifa viwe kwenye bahasha moja tangu jana yake, na majina yawe yanafanana kote. Anayetoka Lushoto au Handeni afike Tanga mjini siku moja kabla.

Mwishoni utaruhusiwa kuuliza. Uliza muuguzi mpya hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda gani, na zamu ya usiku huwa na wauguzi wangapi wazoefu.