Ukishuka Barbados: kutoka kwenye ndege hadi mlango wa hoteli

Kwa Mtanzania, Mkenya au Mganda anayeishi London, Toronto au New York, Barbados ina sifa moja inayozidi fukwe zake zote: pasi zetu haziulizwi viza. Unatafuta tiketi, unalipa, unafunga begi. Shida ni kwamba kutohitaji viza ni jambo moja, na mhudumu wa kaunta ya ndege kujua kwamba huhitaji ni jambo jingine kabisa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia huko ulikopanda ndege, maana hapo ndipo wenzetu wengi hukwama. Kisiwani kwenyewe mambo ni mepesi.

Mhudumu huyo siku nzima anapitisha pasi za Uingereza na Kanada. Akiona ngao ya Jamhuri ya Muungano anaanza kupekua kurasa akitafuta stika. Usipandishe sauti. Mwombe aangalie Timatic, mfumo ambao mashirika ya ndege hutumia kukagua masharti ya kila pasi, aingize uraia wako na Barbados kama mwisho wa safari. Akisita, omba msimamizi wake. Ndiyo sababu nasema fika saa tatu kabla ya ndege kuruka hata kama umeshajisajili mtandaoni: zile dakika ishirini za mashauriano ni za kwako, si za yule mzungu nyuma yako. Mwenye pasi ya Rwanda, Burundi au Kongo asichukulie kwamba mambo ni yale yale. Aulize uhamiaji wa Barbados kwa maandishi kabla ya kulipa hata senti.

Njia nayo ina mitego yake. Ukiwa Ulaya au Ghuba, tiketi ya bei poa mara nyingi inapitia Miami au New York. Marekani haina utaratibu wa kupita tu: hata ukikaa saa mbili uwanjani unapitia uhamiaji, na bila viza yao hupandi. Lipa zaidi kidogo uende moja kwa moja kutoka London.

Halafu fikiria kurudi kabla hujaondoka. Wa Uingereza, kadi za ukaazi za BRP ziliisha nguvu mwisho wa 2024 na sasa hadhi yako ipo kwenye eVisa, yaani rekodi ya mtandaoni. Kama ulibadilisha pasi, hakikisha namba mpya imeingizwa kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza, la sivyo utajikuta kwenye kaunta kule Barbados ukimweleza mtu jambo ambalo kompyuta yake hailioni. Wa Kanada wabebe kadi ya ukaazi wa kudumu. Wanafunzi walioko Marekani wana fursa ambayo wengi hawaijui: mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, ambaye viza yake imeisha muda lakini I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na I-20 (fomu ya chuo) zake ni halali, anaweza kwenda visiwa vya jirani, na Barbados imetajwa kwa jina katika orodha hiyo ya kisheria, akarudi ndani ya siku 30 bila viza mpya, ilimradi hakuomba viza akiwa huko nje. Mwenye H-1B, viza ya kazi, hana nafasi hiyo kwa visiwa. Kwake ni Kanada na Meksiko tu. Hata hivyo pitia kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako upate sahihi ya safari kwenye I-20, hasa sasa ambapo masharti kwa baadhi ya pasi za Afrika, Burundi ikiwemo tangu Juni 2025, yamekazwa.

Viwili vya mwisho kabla ya kufunga begi. Beba kitabu cha njano cha chanjo ya homa ya manjano, hata kama unatoka London: ukiwa umepita Kampala au Nairobi hivi karibuni, kitabu hicho kinakuokoa na maswali. Na toa nguo zote zenye mabaka ya kijeshi, iwe kofia, kaptura au begi la mtoto. Barbados raia kuzivaa ni kosa la jinai, sawa na kwetu, ila likizoni mtu husahau.

Uwanjani

Uwanja wa ndege wa Grantley Adams (BGI) upo Seawell, parokia ya Christ Church, kusini mwa kisiwa, kilomita kama 16 kutoka Bridgetown. Jina ni la Sir Grantley Adams, kiongozi wa kwanza wa serikali ya Barbados na waziri mkuu pekee wa lile Shirikisho la West Indies lililodumu 1958 hadi 1962. Ni uwanja wa njia moja ya kurukia. Mara nyingi unashuka kwa ngazi na kutembea kwa miguu hadi ndani, koti la London likiwa mkononi, na upepo wa pwani unakupiga usoni.

Fomu ya uhamiaji na forodha hujazwa mtandaoni siku chache kabla ya safari, kwenye tovuti ya serikali: travelform.gov.bb. Ni bure. Ukiona ukurasa unaokuomba namba ya kadi ya benki, umeingia kwa wajanja, toka. Ukimaliza unapewa msimbo wa kuskani. Upige picha uuhifadhi kwenye simu, usitegemee intaneti ya uwanjani.

Swali la afisa uhamiaji ni lile lile kila siku: unalala wapi, unarudi lini. “Kwa rafiki” haitoshi. Toa jina la mwenyeji, mtaa na parokia. Kisiwa kimegawanywa parokia 11, na watu wanaelekezana kwa hizo kama sisi tunavyotaja wilaya. Kama umekodi nyumba ya mtu badala ya hoteli, muulize mwenyeji kilicho jirani: kanisa gani, duka gani la ramu. Nyumba nyingi hazina namba zinazoonekana barabarani, na dereva atakayekupeleka anajua duka la ramu kuliko ramani ya simu yako.

Kwenye forodha, matunda mabichi, mbegu na nyama viache ulikotoka. Najua mama mdogo amekufungia embe. Limalizie kwenye ndege.

Ukitoka nje chukua pesa kidogo kwenye ATM, na hapa tusimame, kwa sababu hapa ndipo pesa hupotea.

Dola za nani?

Dola ya Barbados imefungwa kwa ya Marekani tangu 1975: mbili zao kwa moja ya Marekani. Zote mbili zinapokelewa karibu kila mahali, na zote mbili zinaitwa dola. Teksi hazina mita. Bei zinapangwa kwa eneo, na ubao wa bei upo pale wanaposubiri abiria, pamoja na msimamizi anayepanga foleni ya magari. Dereva akikutajia arobaini, swali lako la kwanza liwe: arobaini za Barbados au za Marekani? Liulize kabla mzigo haujaingia kwenye buti. Wengi ni waungwana na watakujibu vizuri, lakini ukikaa kimya ukashuka hotelini na kutoa noti nne za kumi za Marekani kwa safari ya arobaini za Barbados, umelipa mara mbili na hakuna aliyekuibia.

Teksi halali ina namba za usajili zinazoanza na Z. Herufi H ni gari la kukodi, yaani mgeni mwenzako kwenye usukani, mpishe. Uber na Bolt hutazikuta. Kama ndege inatua usiku, au una watoto na masanduku matatu, panda teksi na usijisumbue na yanayofuata.

Basi, kwa anayejiweza

Kisiwa kina kilomita za mraba 430 tu, na urefu wa kilomita 34. Wageni wengi hawajui kwamba kutoka uwanjani hadi hoteli nyingi za kusini unaweza kufika kwa dola 3.50 za Barbados, yaani chini ya dola mbili za Marekani. Ndiyo nauli ya basi lolote, safari ndefu au fupi.

Magari yapo ya aina tatu. Ya bluu ni ya serikali. Ya njano ni mabasi madogo ya watu binafsi, na namba zake zinaanza na B. Ya tatu ni vipanya vyeupe vyenye mstari wa damu ya mzee, vinaitwa ZR kwa sababu ya herufi za namba zake, na huitamka “zed-ar”. Ukiwa umekulia kwenye matatu za Nairobi au daladala za Mbagala, ZR haikupi somo jipya: muziki juu, konda anaita, watu wanabanana, dereva ana haraka ambayo haina sababu. Tofauti ni kwamba ukiingia unasalimia. “Good afternoon” kwa gari zima, na gari zima linaitika. Mgeni anayeingia kimya kama yuko treni ya London anaonekana hakulelewa.

Kwa mwenye begi kubwa, ZR haifai. Utaambiwa ulipie kiti cha pili au utaachwa kituoni. Subiri la bluu. Lakini la bluu halirudishi chenji na halipokei pesa ya nje: unadondosha nauli kwenye kisanduku mbele ya dereva. Ndiyo maana baada ya ATM inafaa ununue maji dukani uvunje noti. Unachotaka ni sarafu tatu za dola moja, zile za pembe saba zenye samaki arukaye, na mbili za senti 25. Ziweke mfuko wa mbele.

Kituo kipo barabarani, nje ya eneo la maegesho. Vibao vya vituo vyote kisiwani vimeandikwa moja kati ya maneno mawili: “To City” au “Out of City”. City ni Bridgetown. Kutoka uwanjani, hoteli nyingi zipo upande wa kuelekea mjini, kwa hiyo simama kwenye “To City”, na nyoosha mkono basi likikaribia, maana halisimami kwa kukuonea huruma. Njia ya pwani ya kusini inapita Oistins, kisha Maxwell, Dover na St. Lawrence Gap, Worthing, halafu Hastings. Mwambie dereva jina la hoteli unapopanda. Abiria jirani watakuwa wamesikia, na watabishana kwa niaba yako ni kituo kipi kilicho karibu zaidi.

Hoteli za pwani ya magharibi, Holetown na kwingineko katika St. James, zina hesabu nyingine. Ukipanda basi la mjini utashushwa stendi ya Fairchild Street, wakati mabasi ya magharibi huondokea Princess Alice, upande wa pili wa katikati ya mji. Ni kuburuta sanduku juani. Afadhali usubiri basi la Speightstown, mji wa pwani hiyo hiyo ya magharibi, linalotokea uwanjani na kukwepa mji kwa barabara kuu ya ABC. Ukipita huko, kwenye mojawapo ya vipilefti utaona sanamu ya mtu aliyeinua mikono, minyororo imekatika. Watu wanamwita Bussa, kwa jina la mtumwa Mwafrika aliyeongoza maasi ya 1816. Sanamu ni ya Karl Broodhagen na iliwekwa 1985. Kaa dirishani.

Jumapili mabasi hupungua sana. Jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kama nyumbani, kwa hiyo ndege ikitua saa kumi na ukachelewa uhamiaji, giza litakukuta kituoni. Hapo rudi kwenye ubao wa teksi.

Ukifika chumbani, umeme ni volti 115 na soketi ni za Kimarekani, basi wa Uingereza abebe adapta na asichomeke pasi yake ya nguo ya volti 240. Maji ya bomba yananyweka. Laini za simu ni Digicel na Flow. Vifurushi vya Ulaya havifiki huku, na bili yake itakuumiza. Kumbuka pia kwamba nyumbani wametangulia saa saba: ukiingia hotelini saa tisa alasiri, mama yuko saa nne usiku na anasubiri kusikia umefika.

Ijumaa jioni nenda Oistins kwenye samaki wa kuchoma, fika mapema upate meza. Siku ya kuondoka, basi la uwanjani linapandiwa kwenye kibao cha “Out of City”. Dola za Barbados zilizobaki zimalizie huko huko dukani. Maduka ya kubadilisha pesa London na Toronto mengi hayazitaki, na sarafu ndiyo kabisa.