Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Kisiasa wa Waziri Mwanamke wa Ureno

Anayekusudia kuandika wasifu wa mwanamke aliyewahi kuwa waziri nchini Ureno aanze na jambo linaloonekana dogo, yaani namba ya serikali aliyoitumikia. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974 kuuangusha utawala wa kidikteta, nchi hiyo ilipitia serikali sita za muda, kisha mwaka 1976 zikaanza serikali za kikatiba, nazo zikahesabiwa upya kuanzia ya kwanza. Ukiandika “Serikali ya Pili” bila kueleza ni ya muda au ya kikatiba, utakuwa umemhamishia waziri wako katika miaka isiyo yake.

Maria de Lourdes Pintasilgo, mhandisi wa kemia aliyezaliwa Abrantes mwaka 1930, anafaa kuwa mfano wa kujifunzia. Katika Serikali ya Kwanza ya Muda alishika cheo cha secretária de Estado, akisimamia hifadhi ya jamii. Cheo hicho kiko chini ya waziri, kwa hiyo ni salama zaidi kukiita unaibu waziri. Ukikitafsiri neno kwa neno, yaani “katibu wa dola”, msomaji atamfikiria mwanadiplomasia mkuu wa Marekani, ambaye hahusiki hata kidogo. Uwaziri, wa masuala ya jamii, aliupata Julai 1974 katika Serikali ya Pili ya Muda, akaendelea nao katika ya Tatu hadi Machi 1975. Neno “wa kwanza” nalo lipimwe kabla ya kuandikwa: Pintasilgo ndiye mwanamke wa kwanza kuwa waziri nchini humo, lakini si wa kwanza kuingia serikalini, kwani Maria Teresa Lobo alikwisha kushika wadhifa wa chini ya uwaziri mwaka 1970, zama za udikteta.

Usihangaike kutafuta jimbo alilolishinda waziri wako. Wapiga kura wa Ureno huchagua orodha za vyama, si mtu mmoja mmoja, na waziri huteuliwa na Rais kwa pendekezo la Waziri Mkuu, awe mbunge au asiwe. Akiwa mbunge, ubunge wake husimamishwa kwa muda wote wa uwaziri, na mwingine wa orodha ileile hukikalia kiti. Swali lenye faida, basi, ni nani aliyemteua na kwa kazi gani.

Swali hilo ndilo linaloufungua uwaziri mkuu wa Pintasilgo. Mwaka 1979 Rais António Ramalho Eanes alimteua kuongoza serikali ya tatu iliyotokana na uamuzi wa Rais mwenyewe, baada ya zile za mawaziri wakuu Nobre da Costa na Mota Pinto, ili aifikishe nchi kwenye uchaguzi wa Desemba 2. Uchaguzi ulifanyika, naye akakabidhi madaraka mwanzoni mwa Januari 1980. Waandishi wengi husema alidumu “miezi mitano tu”, na hilo “tu” ni hukumu isiyo ya haki, kwa sababu kazi aliyopewa ilikuwa na mwisho wake tangu siku ya kwanza. Yaliyofuata, yaani kugombea urais mwaka 1986 na kushindwa katika duru ya kwanza, kisha ubunge wa Ulaya kuanzia 1987 hadi 1989, yanatosha kwa aya fupi.

Majina ya vyama nayo yana mtego. Manuela Ferreira Leite, waziri wa elimu kuanzia 1993 hadi 1995 na wa fedha kuanzia 2002 hadi 2004, aliongoza chama cha PSD (Partido Social Democrata) kuanzia 2008 hadi 2010; chama hicho hujiita cha kidemokrasia ya kijamii, jina ambalo kwingineko huashiria mrengo wa kushoto, ilhali chenyewe ni cha mrengo wa kati kuelekea kulia.

Tarehe za kuteuliwa na kuondoka zithibitishwe katika Diário da República, gazeti rasmi la serikali linalochapisha amri za uteuzi. Ukikuta siku mbili au tatu zinatofautiana, angalia kama moja ni ya amri na nyingine ni ya kiapo, kisha utumie ya kiapo kwa mawaziri wote unaowataja.