Somo: Sikukuu moja katika Boma la Wajerumani, Arusha

Nimeandika somo hili kwa ajili ya wenzangu wa Moshi ambao kila sikukuu hupanga safari kubwa, kisha hushinda kibarazani. Ngome ya kihistoria ipo Arusha, mwendo wa kilomita 80 hivi, na marafiki watano au sita wanaweza kwenda na kurudi kabla ya magharibi.

Hatua ya kwanza ni fedha na saa. Nauli, kiingilio na fedha ya chakula zikusanywe siku mbili kabla na zikae kwa mtu mmoja. Pasaka iliyopita tulimsubiri mwenzetu stendi hadi saa nne, tukafika Arusha jua likiwa la utosi. Tangu hapo tumekubaliana kuondoka saa moja asubuhi, na anayechelewa hutufuata kwa nauli yake. Kila mmoja achukue kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha Mtanzania si sawa na cha mgeni.

Hatua ya pili ni kupanda Kosta, kupita Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru. Sikukuu ikiangukia Jumamosi, ambayo ni siku ya soko Tengeru, ongezeni muda wa foleni. Shukeni Sanawari, mteremke kwa miguu mkipita AICC, yaani kituo cha mikutano ya kimataifa. Mkipelekwa hadi stendi mtalipia bajaji kurudi mlikotoka.

Hatua ya tatu ndiyo niliyoiandikia somo hili. Wageni wengi hukimbilia vyumba vya ndani, ilhali mimi nawasihi mzunguke kwanza nje, mkizitazama kuta. Mwaka 1896 wamisionari wawili waliuawa Meru, Wajerumani wakalipiza kisasi kwa vita vikali, na ngome hii ilipojengwa kati ya 1899 na 1900, Waarusha na Wameru walioshindwa ndio waliolazimishwa kuijenga, yaani walisimamisha kwa mikono yao nyumba ya kuwatawalia. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliigeuza ofisi zao, na tangu 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mkishayajua hayo, ingieni ndani. Katika maonyesho ya chimbuko la binadamu mtasoma habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliloliona mtafiti Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959, na za nyayo za Laetoli zenye umri wa miaka milioni 3.6. Fuvu lenyewe limehifadhiwa Dar es Salaam, kwa hiyo asiwepo wa kubishana na mhudumu kwamba ameonyeshwa nakala.

Hatua ya nne ni chakula, nami nitasema neno moja tu: loshoro, chakula cha asili cha huko cha mahindi na maziwa ya mgando. Chipsi mtazikuta Moshi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Neema: Mwalimu, shikamoo. Je, mama yangu mwenye miaka 70 ataimudu safari hii?

Jibu: Marahaba, mama. Ataimudu, ila kutoka Sanawari mchukulieni bajaji hadi langoni, na mpumzisheni kivulini kabla ya kuingia ndani.

Mdau wa Majengo: Je, tunaweza siku hiyohiyo kupita Old Moshi, kwenye mti alikonyongwa Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa huko?

Jibu: Msifanye hivyo. Habari hizo mbili ni za vita vilevile, kwani Mangi Meli alinyongwa Machi 1900, ngome ya Arusha ikiwa bado inajengwa, na miongoni mwa walionyongwa pamoja naye walikuwamo viongozi wa Waarusha na Wameru. Hata hivyo, Old Moshi ni upande wa pili kabisa, na pale si mahali pa kufika mbiombio jioni huku mkitazama saa. Muda ukibaki Arusha, nendeni Makumbusho ya Azimio, karibu na Mnara wa Mwenge, kwenye jengo ambamo TANU ilipitisha Azimio la Arusha mwaka 1967.

Kijana wa Soweto: Kosta ya mwisho kurudi ni saa ngapi?

Jibu: Usiingoje ya mwisho. Siku ya sikukuu abiria hufurika jioni. Saa kumi muwe mmeshakaa kwenye viti.